Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Nani Alimfundisha?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya jambo jepesi, baada ya kukuchosha na habari za maji na ankara zake. Jambo lenyewe ni kujifunza kucheza. Sisemi kucheza mpira wala bao. Nasema kucheza ngoma na dansi, kwa mtu ambaye hajui, tena mtu mzima, tena kwa kulipa ada na kusimama mbele ya mwalimu. Najua wapo watakaocheka, na haki wanayo. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka siku iliponifika.

Ilinifika kwenye sherehe ya kumuaga binti wa kaka yangu. Wale mnaohudhuria sherehe hizi hapa Dar es Salaam mnaujua utaratibu. Mshereheshaji huita ukoo wa baba, muziki hufunguliwa, na zawadi haipelekwi kwa kutembea bali kwa kucheza, kutoka mlangoni mpaka mezani kwa bibi harusi mtarajiwa. Mwendo wenyewe hauzidi hatua thelathini. Mke wangu alikuwa mbele na kitenge chake, anakwenda mbili mbele, moja nyuma, kama maji ya ufukweni. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba boksi la sufuria kama mtu anayempelekea fundi mfuko wa saruji. Nilifika mezani kabla ya ukoo mzima. Nikabaki nimesimama peke yangu, boksi mikononi, taa ya mpiga video usoni, nikiwasubiri wenzangu ambao bado walikuwa katikati ya ukumbi wanafurahi. Shangazi mmoja akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka meza ya tatu: "Hivi huyu naye ni damu yetu kweli?"

Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lile la damu nilikwenda nalo nyumbani. Maana ndivyo tulivyozoea kusema: ngoma iko damuni, mtu huzaliwa nayo, na asiyeiweza kuna kitu kimempungukia. Kwa imani hiyo, mtu wa miaka hamsini asiyejua kucheza hana la kufanya ila kukaa karibu na meza ya vinywaji na kujifanya ana simu muhimu ya kupokea. Na kijana wa kidato cha pili anayejikwaa mbele ya wenzake huamua siku hiyo hiyo kwamba yeye si wa mambo hayo, na huishi na uamuzi huo mpaka anazeeka. Leo nataka kuipinga imani hiyo, kisha nieleze nilichokikuta nilipojiandikisha katika shule ndogo ya ngoma na dansi mtaani kwetu, na mwisho niseme kwa nini shule ile nusura ife, na mkono wangu mimi ulikuwamo.

Tuanze na damu. Wazee wetu hawakuiachia damu kazi ya kufundisha. Katika ukanda huu wa pwani, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akapewa kungwi, na miongoni mwa mambo aliyofundishwa ni kucheza, siku baada ya siku, akirekebishwa mkono, akirekebishwa kiuno, mpaka siku ya kutolewa nje mbele za watu. Vijana wa kiume nao walikuwa na jando na walimu wake. Hata nje ya mafunzo hayo, mtoto wa kijijini alisimama ukingoni mwa uwanja tangu anajifunza kutembea, akiiga, akikosea, akichekwa na shangazi zake, akiiga tena. Kufika umri wa kuingia katikati ya duara, alikuwa amehudhuria masomo mamia kwa mamia bila mtu yeyote kuyaita masomo. Ilikuwa shule, ila haikuwa na kengele wala risiti.

Sisi tuliohamia mjini tuliiacha shule hiyo nyuma, tukaja na imani peke yake. Tumepanga vyumba viwili, ngoma tunaiona kwa kukodiwa, muziki unatoka kwenye spika, na mtoto anayetaka kuiga anaambiwa akalale kesho ana mtihani. Halafu tunamshangaa akikua hajui pa kuweka miguu. Enzi zetu angalau mdundiko wa Wazaramo ulikuwa ukipita mitaani, nasi tunaufuata mpaka mitaa tusiyoijua, mzazi anatutafuta na fimbo. Ulikuwa mwalimu mzuri ule, japo wengine tulipotelea njiani.

Wala dansi yenyewe, hiyo ya kushikana, haikutujia kwa damu. Katika miaka ya 1930 vijana wa miji kama Tanga na Dar es Salaam walikuwa na klabu zao za dansi, wanakutana kujifunza waltz, foxtrot na rumba, wanavaa vizuri na kushindana. Babu zetu hao hawakuona aibu kuhesabu hatua kwa sauti. Na tarehe 10 Desemba 1962, siku Jamhuri ya Tanganyika ilipokuwa na umri wa siku moja, Mwalimu Nyerere aliizungumzia habari hii Bungeni. Aliwakumbusha wasomi wenzake kwamba wengi wao walijifunza dansi za kigeni, akawauliza ni wangapi miongoni mwao waliopata kucheza, au hata kuzisikia, ngoma kama gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Watu wengi hukumbuka hotuba ile kama lawama. Mimi ninapoifikiria leo naona ilikuwa pia na ukweli mdogo ndani yake: walijua rumba kwa sababu walijifunza rumba, na kiduo hawakukijua kwa sababu hakuna aliyewafundisha.

Serikali ilifanya yake. Kilikuwapo kikundi cha taifa cha ngoma, na kilipovunjwa, baadhi ya wasanii wake wakawa walimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ni mahali pa heshima. Lakini ni kilomita 70 hivi kutoka hapa, na kazi yake ni kutoa wasanii. Fundi cherehani wa Temeke anayetaka kucheza Jumanne jioni baada ya kufunga kibanda hawezi kwenda Bagamoyo. Yeye anahitaji shule anayoweza kuifikia kwa miguu.

Shule hizo zipo, ndugu msikilizaji, ila hazina mabango makubwa. Ile ya kwetu ilikuwa katika ukumbi ambao mchana hufundishwa ushonaji. Ukifika saa 12 jioni unakuta meza za cherehani zimesukumwa ukutani, sakafu imefagiliwa lakini vipande vya uzi bado vipo. Kioo ni kimoja, cha kupimia nguo, kwa hiyo watu watatu tu ndio wanaojiona. Kuna ngoma tatu za ngozi na spika moja ya dansi. Walimu ni wawili, kijana na mwanamke mmoja wa makamo. Wanafunzi siku ile nilikuta muuguzi, dereva wa bodaboda, fundi cherehani mwenyewe ambaye hakwenda nyumbani, wanafunzi wa sekondari wanne, na mama mmoja aliyemkabidhi mtoto wake mchanga kwa mlinzi wa geti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu ya namna moja, nikakutana na nyingine. Mwalimu kijana ni sawa na mwanangu wa tatu. Katika mila zetu kijana hamkosoi mzee hadharani, na bila kukosoa hakuna somo. Nikajiuliza atafanyaje. Alikuja mpaka mbele yangu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Mguu wa kushoto."

Nikatazama chini, kumbe nimetanguliza wa kulia. Jioni ile nilipata shikamoo sita, na zote zilikuwa makosa. Mpaka leo mtu akiniamkia ghafla barabarani naangalia miguu yangu.

Sasa, nini hasa hufundishwa? Wengi hudhani siku ya kwanza utaambiwa ukate kiuno. La hasha. Siku ya kwanza tulitembea. Mpiga ngoma alipiga pigo moja la taratibu, nasi tukazunguka ukumbi tukikanyaga juu ya pigo. Baadaye tukaambiwa tukanyage pigo na kupiga makofi kati ya pigo na pigo. Hapo nusu ya darasa ilikwama, mimi mmojawapo, maana mikono ilitaka kwenda pamoja na miguu. Mwalimu mama alieleza kwamba ngoma nyingi za kwetu zina mapigo mawili ndani ya moja: sikio moja linaweza kuhesabu mbili-mbili na jingine likahesabu tatu-tatu, na yote mawili ni sahihi. Mchezaji anayejua huweka tatu kiunoni na mbili miguuni. Anayeanza achague moja, aishike, asiiache hata jirani yake akienda kwingine. Kwa mtu wa mara ya kwanza hilo peke yake ni kazi ya mwezi.

Baada ya kutembea ndipo huja magoti. Ukiangalia sindimba ya Wamakonde utaona kiuno, kwa sababu ndicho kinachovuta macho, lakini kazi inafanywa na magoti yaliyokunjwa. Mtu aliyesimama wima kama mlingoti kiuno chake hakina nafasi ya kwenda. Kunja magoti kidogo, tanua miguu, teremsha uzito, na kiuno kitaanza kujitikisa chenyewe, kwa wengine mapema, kwa wengine kwa kubembelezwa. Bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa na majembe, inadai mgongo unaokunjika na mikono inayojua uzito wa chuma, na mimi ambaye nimeshika kalamu miaka thelathini niliombwa kwa heshima nianze na fimbo ya ufagio. Mganda una mistari na nidhamu ya gwaride, unamfaa mtu anayependa kujua zamu yake itakuja lini. Lelemama ni ya upole, mikono na mabega, na usidanganyike na upole huo, jaribu dakika kumi kisha useme. Nusu saa ya mwisho ilikuwa ya dansi: rumba ya kawaida, hatua ndogo, uzito unahama polepole kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kwa mahitaji yangu ya kubeba maboksi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa.

Ipo sababu ya miguu kukataa mwanzoni, nayo haihusiani na damu. Hatua mpya kwanza hukaa kichwani kwa maneno: kulia, nyuma, geuka. Kichwa kinasema, mguu unasubiri kuambiwa, muziki haumsubiri mtu. Kwa kurudia rudia, maneno hupungua mpaka mwili unafanya bila kuuliza, kama unavyofunga vifungo vya shati bila kuvitazama. Kurudia huko hakufanyiki kwa siku moja hata ukicheza mpaka usiku wa manane. Dakika kumi kila siku hukaa zaidi kuliko saa mbili za Jumamosi, na usingizi una sehemu yake katika kuyakaza yaliyojifunzwa mchana. Ndiyo maana mtu huondoka Jumanne amekata tamaa, Alhamisi akafika na hatua ile ile ikatoka bila matata, akadhani ni muujiza. Mimi nilifanyia mazoezi kituo cha daladala, visigino tu, hakuna aliyeona. Mke wangu anasema wote waliona.

Mwili utauma. Maumivu ya misuli baada ya kazi usiyoizoea huanza kesho yake, na huweza kuwa makali zaidi siku ya pili kabla ya kupungua. Hayo ni ya kawaida. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti au kifundo cha mguu, au kiungo kuvimba, si ya kawaida: acha, kapumzike, na yakiendelea kamwone daktari. Sakafu ya saruji haina huruma kama ya mbao, kwa hiyo usirukeruke wiki za kwanza, na ukiruka tua na magoti yaliyokunjwa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au tatizo la moyo amwulize daktari wake kabla ya kuanza, na maumivu ya kifua au kizunguzungu si jambo la kuvumilia kwa kuogopa kuchekwa. Vaa nguo inayoacha goti likunjike. Wanawake wengi darasani kwetu walijifunga khanga kibwebwe juu ya suruali, na mwalimu alipenda hivyo kwa sababu anaona kiuno kinavyokwenda. Viatu viwe raba nyepesi, au miguu mitupu kama sakafu ni safi. Ndala hazifai, huruka na kumpiga mtu wa nyuma. Nina ushahidi.

Faida za kiafya sitazikuza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na jioni mbili za ngoma zinakufikisha karibu kabisa na hapo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, uliowafuatilia wazee 469 wa zaidi ya miaka 75 katika eneo la Bronx, New York, kwa miaka kama mitano. Katika mazoezi ya mwili yaliyochunguzwa, kucheza dansi peke yake ndiko kulikoonekana kwenda pamoja na upungufu wa ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, maana huenda wenye akili timamu ndio wanaoendelea kwenda kwenye dansi. Lakini mtu anayelazimika kukumbuka hatua, kusikiliza pigo na kuangalia asimkanyage jirani, akili yake haijalala.

Sasa niseme na wazazi, kwa sababu barua nyingi zitatoka kwenu. Mnaposikia binti anataka kujifunza kucheza, mnaona vigodoro vya usiku, mnaona wanenguaji wa jukwaani na yanayosemwa juu yao. Woga huo si wa kupuuzwa, na familia ambayo dini yake haiyaruhusu mambo haya imekwisha amua, sina ugomvi nayo. Kwa wengine nasema: nenda mwenyewe kwanza. Kaa kwenye benchi somo zima. Tazama kama mlango uko wazi na mtu wa nje anaweza kuchungulia. Tazama kama kuna mwanamke mtu mzima miongoni mwa walimu, kama watoto wana saa yao mbali na wakubwa, kama mwalimu anayetaka kumrekebisha mtoto huonyesha kwa mwili wake mwenyewe kabla ya kumshika, na akilazimika kumshika huomba. Uliza nani anapiga picha na zinakwenda kwenye simu za nani. Uliza kama kikundi kimesajiliwa na BASATA, baraza la sanaa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mwalimu mzuri hatakasirika. Anayekasirika umekwisha pata jibu. Na jambo moja ambalo wazazi hawalitegemei: mtoto anayefundishwa kwa hesabu na nidhamu, anayejua kwamba kiuno kina kazi yake na wakati wake, mara nyingi huwa mgumu zaidi kudanganywa na ya vigodoro, kwa sababu anaona jinsi wanavyokosea pigo.

Nimefika kwenye fedha, na hapa ndipo penyewe.

Shule ile haikuwa na mfadhili. Ilikuwa na ada. Na sisi wanafunzi tulikuwa na desturi ambayo mtaani inaonekana ya busara: kulipa kwa siku. Ukija unalipa, usipokuja hulipi. Nani atalipia somo ambalo hakulihudhuria? Tuchukue mfano wa hesabu, si za shule yoyote, ni za kuelewesha tu. Ukumbi ni shilingi 15,000 kwa jioni, jioni tatu kwa wiki, kwa mwezi jioni 12: shilingi 180,000. Wapiga ngoma wawili, kila mmoja 10,000 kwa jioni: 240,000. Jumla 420,000 kabla mwalimu hajapata hata nauli. Wanafunzi 30 wakilipa ada ya mwezi ya 20,000, zinapatikana 600,000, na walimu wanabakiwa na 180,000 za kugawana. Si utajiri, ila taa inawaka. Sasa wanafunzi hao hao 30 walipe 2,000 kwa siku, na kila mmoja aje mara nne tu kwa mwezi, kwa sababu kulikuwa na msiba, kulikuwa na mvua, kulikuwa na mechi. Zinapatikana 240,000. Ukumbi na wapiga ngoma hawakupungua bei kwa sababu ya mechi. Pengo ni shilingi 180,000, na linatoka mfukoni mwa mwalimu.

Angalieni pia kwamba mwenye kulipa kwa siku kila somo alilinunua kwa bei kubwa zaidi. Aliyelipa 20,000 kwa masomo 12 kila somo limemgharimu chini ya 1,700. Yule wa 2,000 kwa siku alidhani anaokoa.

Mimi nilikuwa wa 2,000 kwa siku. Nasema hili hadharani kwa sababu walimu wale ni wasikilizaji wa kipindi hiki. Nilianza Februari kwa bidii kubwa. Wiki ya tatu, ambayo kwa nilivyoona ndiyo wiki ya hatari, kwa sababu upya umekwisha na ustadi haujafika, nilikosa siku moja. Siku iliyofuata nikaona aibu kurudi kwa kuwa wenzangu walikuwa wamejifunza mgeuko mpya. Kisha masika ikaingia. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu, mpiga ngoma huwasha karatasi na kuikausha juu ya moto wake kabla ya somo, na kama barabara yenu ina tope kama yetu, kuna kila sababu ya kubaki nyumbani. Nilibaki. Wengi tulibaki. Mwezi wa nne mwenye ukumbi alidai kodi yake ya wiki tano, hakupewa, akafunga mlango na ngoma zikiwa ndani.

Habari zilinifikia kwa dereva wa bodaboda. Aliniambia bila kunilaumu, na hapo ndipo niliposikia vibaya zaidi. Nikakumbuka kwamba Machi hiyo hiyo, kwenye harusi moja pale Sinza, nilimtunza mchezaji noti ya 10,000, nikamwekea kwenye paji la uso huku watu wakishangilia. Alicheza dakika nne. Mwalimu wangu alinifundisha jioni tisa, na jumla ya nilichompa ni 18,000, tena siku moja nilimwomba chenji. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Tunamtunza yule aliyekwisha jua. Yule anayewafanya watu wajue tunamdai punguzo.

Tulikutana watu kumi na wanne nyumbani kwa muuguzi. Hatukuwa na maneno mengi. Fundi cherehani, ambaye ni mweka hazina wa mchezo wa fedha wa akina mama wa mtaa, alisema ngoma nayo ifanywe kama mchezo: kila mtu atoe 5,000 kila Jumatatu, aje asije, jina liandikwe, na anayeshindwa wiki hiyo aseme mapema. Tulichanga deni la ukumbi, ngoma zikatoka. Mwenye ukumbi kwa upande wake alikuwa amekwisha mpata mpangaji mwingine, na siwezi kumlaumu. Sasa tunafundishiwa kwenye uwanja wa karakana ya seremala, baada ya mafundi kufunga kazi. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa, na magoti yangu yanashukuru. Kioo hakuna kabisa, kwa hiyo wale watatu waliokuwa wakijiona nao wamerudi kundini. Wasiojua kabisa, waliojiunga mwezi huu, ni saba, na mmojawapo ana miaka sitini na moja. Mwalimu alimpa shikamoo nne jioni ya kwanza, nami nikajisikia mwenyeji.

Kwa hiyo, kama unakusudia kuanza, tafuta shule iliyo karibu, kwa maana kinachoua bidii ya jioni ni daladala mbili. Kaa somo moja ukitazama. Usianze na marafiki wanne, mmoja wenu akiacha mtaacha wote. Anza na mmoja au peke yako. Lipa mwezi mzima mkononi mwa mwalimu kabla hujaangalia kalenda ya ligi. Jipe masomo kumi na mawili kabla ya kuamua chochote juu ya damu yako. Na ukikosa siku moja, rudi siku inayofuata hata kama wamejifunza mgeuko, watakuonyesha.

Harusi ya binti yule yule wa kaka yangu ilifanyika Agosti. Ukoo wa baba uliitwa, safari hii zawadi ilikuwa godoro, na godoro hubebwa na watu wanne. Nilikuwa wa nyuma kushoto. Tulikwenda mbili mbele, moja nyuma, na mtu aliyechelewa pigo hakuwa mimi. Shangazi hakusema kitu, aliinua tu pembe ya khanga yake. Mgeuko wa kushoto bado haujanikaa. Jumanne hii nitaufanya tena, kama mvua haitanyesha, na ikinyesha pia, maana seremala ametupa turubali.